Kisu cha Inchi Kumi na Mtihani wa Kichaka

Jumatatu, 3 Juni

Leo Mkuu wa Idara ametangaza. Kiongozi wa kikosi cha porini anastaafu mwisho wa mwezi. Nafasi iko wazi. Anayeitaka aandike jina ubaoni. Nimeandika la kwanza. Kwa wino mwekundu! Nilipogeuka, Dada Penseli alikuwa nyuma yangu anasubiri kalamu.

Dada Penseli ni mpimaji mwenzangu, meza yake inagusana na yangu. Huchomeka penseli kwenye nywele, akaisahau, akachomeka nyingine. Wiki iliyopita nilihesabu nne. Mtu wa namna hiyo anataka kuongoza watu porini.

Sisi ni wapima ardhi. Tunatafuta mipaka, tunawaonyesha watu kwamba ukuta wa jirani umeingia kwao, kisha tunaondoka haraka kabla ya ugomvi. Yaani wenzangu wanaondoka. Mimi miaka kumi na moja nimekaa ofisini nikichora ramani za mahali walikokwenda wengine. Kila kichaka cha eneo hili nakijua. Kwa penseli, lakini nakijua.

Kiongozi wa porini hupewa nyumba ya idara. Vyumba vitatu na jiko. Hapo ndipo penyewe. Mimi na mke wangu tunakaa kwa mama mkwe, chumba cha uani, huu mwaka wa sita. Tulikuja kwa wiki mbili. Masufuria ya harusi yako chini ya kitanda, hayajaonja moto, maana jikoni kwa mama mkwe hupikiwa sufuria za mama mkwe tu. Mkwe kukaa ukweni miaka sita! Watu wanajua, ila wananistahi.

Nimemwambia mke wangu habari ya nyumba. Akauliza kama jiko lina dirisha. Nikamwambia yako mawili. Sijui kama lipo hata moja.

Jumanne, 4 Juni

Mtihani ni ule ule wa tangu zamani. Unaitwa Mtihani wa Kichaka. Idara ina vyombo vya kisasa, vimelala kwenye masanduku yao. Lakini Mkuu anashikilia kwamba kiongozi asiyeweza kupita kichakani kwa dira ya mkononi si kiongozi, ni abiria.

Iko hivi. Kuna bikoni, yaani lile jiwe la saruji la mpaka, upande huu wa kichaka. Kuna bikoni nyingine upande wa pili. Kati yake kilomita moja na nusu ya miiba, huoni hata pua yako. Unapewa dira, wakataji wawili wenye mapanga, na digrii za kufuata. Unakata njia nyembamba iliyonyooka, sisi tunaiita mkuza. Ukitokea kwenye bikoni ya pili, umefaulu. Mkuu anakusubiri pale na kiti, chupa ya chai, na utepe mwekundu unaoukata kwa mkono wako.

Tutafanya Jumatano ya wiki ijayo. Mimi na Dada Penseli, kila mtu na bikoni zake.

Nimefikiri mchana kutwa. Nimegundua siri. Kiongozi anayestaafu hakuchaguliwa kwa ajili ya digrii. Alichaguliwa kwa sababu ana sura ya porini: buti, kofia, kovu shavuni. Buti ninazo. Kovu litachukua muda. Kinachokosekana ni kisu.

Kisu kikubwa. Siyo hivi vya kukunja vya kumenyea machungwa. Nataka kisu cha bowi: mwili mpana, hakikunjwi, mgongo umekatwa karibu na ncha kama umeng'atwa, na kikinga mkono juu ya mpini. Kwenye saluni nilikuta gazeti la zamani lenye picha yake. Nikalisoma lote, isipokuwa ukurasa wa pili ambao mtu alishaufutia wembe.

Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Wahenga walishamaliza.

Alhamisi, 6 Juni

Ruhusa ya kwenda kwa daktari wa meno. Nikaenda duka la vifaa vya porini.

Muuza duka aliniuliza nataka kisu cha kazi gani. Nikamwambia cha porini. Akauliza porini kufanya nini. Swali la utovu wa adabu, lakini nilimvumilia. Akanitolea kijikisu kirefu kama kiganja, akasema kazi nyingi za mtu porini ni kukata kamba na kumenya, na kwa miti kuna panga. Nikamwonyesha ukutani kwa kidole. Vile pale! Akashusha vitano, polepole, kama mtu anayeshusha watoto waliolala.

Sasa kuchagua. Wengine huchagua kwa macho. Mimi nilikwenda na mbinu. Ukurasa wa tatu wa lile gazeti ulisema chuma ni roho ya kisu. Roho ya chuma utaijuaje? Kwa sumaku! Chuma kinachoshikwa sana na sumaku ndicho chuma kweli. Nilikuwa nayo mfukoni, sumaku ya spika, nimeichomoa kwenye redio mbovu ya mama mkwe. Hajui kuwa redio ni mbovu zaidi sasa.

Cha kwanza, kinang'aa, hakishiki kutu. Sumaku ilikishika kivivu. Nikakitupilia mbali. Cha pili vivyo hivyo. Cha tatu kilishikwa vizuri, lakini chuma chake kiliishia katikati ya mpini, na gazeti lilisema lazima kipite mpaka mwisho. Cha nne kilikuwa na meno mgongoni. Muuza duka mwenyewe alikicheka.

Cha tano! Inchi kumi. Chuma cheusi cha kaboni, kimepita mpaka mwisho wa mpini. Sumaku iliruka kutoka mkononi mwangu, pa! Tulivuta watu wawili kuibandua. Nikasema, ni hiki.

Muuza duka akanionya. Chuma hicho kinashika kutu, kinataka mafuta. Kizito, ikifika jioni nyonga italalamika. Nikamwambia nyonga ni yangu. Akanipa na ala ya ngozi.

Bei sitaiandika humu. Mke wangu anajua kusoma.

Jumamosi, 8 Juni

Aibu. Kisu nilikiacha mezani dakika tano nikienda kuoga. Kurudi, mama mkwe anakatia boga. Akasema kwa boga kinafaa, kwa kitunguu kimezidi. Nikamwomba kwa heshima zote anirudishie. Akasema subiri, mwanangu, kuna boga jingine.

Baadaye nikakinoa kwa jiwe. Kunoa kunaacha chengachenga za chuma, na chengachenga huleta kutu. Nimebuni dawa. Nachukua sumaku, naipitisha juu ya kisu, kutoka mpinini hadi nchani. Mara hamsini, kuelekea upande mmoja tu, bila kurudi nyuma, nisije nikazirudisha chengachenga nilizokwisha kuzitoa. Asubuhi hamsini, adhuhuri hamsini. Kazi ya kutulia. Nimeipenda.

Na matunda yake nimeyaona leo hii hii! Mke wangu ni fundi cherehani, ndiye anayeshona sare za idara yetu. Nilikiweka kisu karibu na mashine yake. Pini zikatoka kwenye kopo zenyewe, zikarukia kisu, zikajipanga. Nimehesabu thelathini na mbili. Chuma gani hicho!

Mke wangu aliacha kushona. Akauliza, kisu kinachovuta pini, hakitavuta na ile sindano ya dira?

Nilicheka, lakini kwa upole, maana si fani yake. Nikamweleza. Sindano ya dira iko ndani ya kioo. Kisu kitakuwa ndani ya ngozi. Ngozi haipitishi sumaku. Hizo ni kuta mbili. Pini zake zilikuwa uchi kopeni, ndiyo maana.

Akasema haya, wewe ndiye mpimaji. Kisha akaniomba nimrudishie pini zake.

Jumapili, 9 Juni

Mazoezi uani. Nafunga uzi kati ya mlango na mpapai, nachomoa kisu, nakata. Mara ya kwanza kisu kilikwama alani. Mara ya pili kilitoka na shati. Mara ya saba, safi kabisa!

Mpango wenyewe ni huu. Kisu nakificha chini ya koti refu siku nzima. Dada Penseli akikiona mapema atatafuta chake. Natokea kichakani. Mkuu amekaa. Utepe umetandazwa. Wengine huomba mkasi. Mimi nafungua koti. Fyuu! Utepe chini, na nafasi nimeichukua hata kabla ya kupumua.

Mama mkwe alikuwa dirishani muda wote. Akamuuliza mke wangu, kwa sauti ya kutosha, kama idara siku hizi inapima uzi.

Mke wangu amevuta masufuria kutoka chini ya kitanda, ameyaosha vumbi, ameyapanga kwenye sanduku. Nilimwambia asiharakishe. Akasema haharakishi, anayaangalia tu. Lakini kamba ya kufungia sanduku alishainunua.

Jumatatu, 10 Juni

Nimempeleleza Dada Penseli. Maandalizi yake ni haya: chupa ya maji, kofia ya ukili, kijikisu cha machungwa. Basi! Tena jana, siku ya mapumziko, alikwenda kuzunguka kile kichaka kwa miguu, akipiga soga na wakataji kuhusu wapi kuna mabwawa. Masikini. Watu wengine hawajui kazi inaanzia wapi.

Tumepiga kura ya wakataji. Nimempata Jembe, mkataji wa siku nyingi, na binamu yake. Jembe aliponiona alivuta pumzi ndefu. Heshima, nadhani.

Jumatano, 12 Juni

Naandika haya nikiwa na miiba kumi na saba mwilini. Nitaandika yaliyotokea, bila kuongeza wala kupunguza.

Saa mbili asubuhi, bikonini. Kabla ya kuanza Mkuu husoma kanuni: vitu vya chuma, yaani pete, funguo, sarafu, bizimu na bangili, visikae karibu na dira. Mimi katika kanuni sina mzaha. Nilivua pete. Nikatoa funguo. Nikatoa sarafu. Mkanda wangu una bizimu ya chuma, nikauvua pia, nikafunga suruali kwa kamba. Nikamkumbusha Dada Penseli, mbele ya Mkuu, kwamba ana bangili. Akaivua, akanishukuru. Mkuu akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema ndiyo watu wanaotakiwa hawa. Kisha akapanda gari kwenda kutungoja upande wa pili.

Kisu kilikuwa kiunoni, upande wa kulia, kwenye kamba ile ile, chini ya koti. Kanuni imetaja pete, funguo, sarafu, bizimu na bangili. Kisu hakikutajwa. Isitoshe kilikuwa na ngozi yake.

Tukaingia. Nikashika dira kifuani, sindano ikatulia, nikanyoosha mkono. Kata! Jembe na binamu yake wakakata. Mkuza ulinyooka kama uzi. Kila nikigeuka nyuma, milingoti tuliyosimika njiani, myeupe na myekundu, iko mstari mmoja, hakuna hata mmoja uliotoka nje. Nilifurahi, nasema kweli. Miaka kumi na moja nimechora mistari ya watu, leo nachora wangu juu ya ardhi.

Saa tatu na nusu Jembe akasimama. Akasema kaka, jua linatuchoma shavu lisilo lake. Kwa digrii tulizopewa lingetakiwa kuwa mbele kidogo. Nikamuuliza kama jua lina digrii zilizoandikwa. Akasema halina. Nikamwonyesha dira, inazo. Akarudi kukata.

Saa nne akasema tena. Tulitakiwa tuwe tumevuka bwawa. Bwawa liko wapi? Nikamwambia limekauka. Akatazama matope kwenye buti za binamu yake, matope ya mvua ya juzi. Akainua panga.

Saa sita kasoro robo, mwanga! Mbele kuna uzio wa michongoma. Sikukumbuka uzio kwenye ramani, lakini nilisikia sauti za watu, nikanusa chai. Nikawaambia wakate. Nikapita wa kwanza, koti limechanika, na mbele yangu, imetandazwa kutoka mti hadi mti, kamba. Jua machoni. Nikafungua koti. Nikachomoa. Mara moja tu, kama mazoezini. Fyuu!

Shuka mbili, foronya nne, na kaptula ya mtu mzima vikaanguka matopeni.

Mwanamke aliyekuwa anaanika alibaki na kibanio mkononi. Nyuma yake, juu ya kigoda, miguu kwenye beseni la maji ya moto, kikombe mkononi, alikuwa kiongozi wetu wa porini anayestaafu. Ilikuwa nyumbani kwake. Yaani nyumba ya idara. Yaani ile nyumba!

Nilichofanya kwanza, nakiri, ni kutazama jikoni. Lina dirisha moja. Kubwa lakini.

Mstaafu aliuliza, bila kutoa miguu kwenye beseni, nilikuwa naelekea wapi. Nikasema kwenye bikoni. Akanyoosha kikombe kule, upande mwingine kabisa. Nusu kilomita, akasema. Kisha alisimama na miguu yake yenye maji, akachungulia kwenye tundu la michongoma, akautazama mkuza wangu mpaka macho yalipoishia. Akasema miaka thelathini hajaona mkuza ulionyooka namna ile. Ungekuwa unakwenda mahali, angeita watu wauone.

Mkewe akauliza nani atafua upya. Jembe na binamu yake wakafua.

Dada Penseli alitokea hatua tatu kutoka bikoni. Amekata utepe kwa kijikisu cha machungwa.

Alhamisi, 13 Juni

Nimeitwa ofisini kwa Mkuu. Nilikwenda na sababu tatu zilizoandikwa: dira mbovu, Jembe ananipinga kwa siri, na uwezekano wa bikoni kuhamishwa na watu wasiojulikana.

Mkuu hakuzisoma. Aliweka dira ile ile mezani. Ikatulia. Akaniambia nisogee. Nikasogea. Sindano ikageuka. Akaniambia nirudi nyuma. Ikarudi. Mbele. Ikageuka. Nyuma. Ikarudi. Akanifanyisha hivyo mara sita, kama mtu anayefundishwa ngoma, na mlango ulikuwa wazi. Tarishi aliita wengine. Hata mhasibu alikuja, yeye ambaye hajawahi kuinuka kitini kwa jambo lolote.

Dada Penseli akaniuliza taratibu, kaka, una nini kiunoni?

Nikafungua koti.

Halafu tarishi akacheka, na waliobaki wakamfuata. Nilikuwa nimesahau kukiacha nyumbani. Nimekizoea.

Dada Penseli hakucheka. Akakiomba, akakipeleka karibu na dira, sindano ikafuata kisu duru nzima ya meza. Akasema hiki si kisu tena, ni sumaku yenye mpini. Akauliza kama nilikisugua na kitu. Nikasema ni matunzo ya kawaida. Akaniambia pole, kaka, wala hakuwa ananikejeli. Hilo ndilo lililonichoma. Afadhali angecheka.

Nafasi ni yake. Nyumba ni yake. Mkuu amesaini.

Nilipomwambia mke wangu, alikuwa anatia uzi kwenye mashine. Hakunikumbusha habari ya pini. Alikwenda chumbani, akafungua sanduku, akayarudisha masufuria chini ya kitanda, moja moja, bila kugonganisha, ili mama yake asisikie. Niliumia. Naandika hivyo hivyo ilivyo, niliumia.

Ijumaa, 14 Juni

Saa ya chakula nikaenda dukani kulalamika kuhusu ile ngozi. Ngozi halisi isingepitisha sumaku, lazima ni ya bandia. Muuza duka alinitazama muda mrefu. Akaniuliza mimi hasa nafanya kazi gani. Nikasema mpimaji. Akasema Mungu atunusuru na mipaka yetu.

Jioni, habari nyingine. Mke wangu alipeleka sare mpya idarani. Bila kuniambia, akaomba kumwona Mkuu. Akamweleza yote: chumba cha uani, miaka sita, masufuria. Mkuu amemwambia kuwa kikosi cha pili kinaanzishwa mwezi ujao. Nyumba yake ni vyumba viwili, jiko dogo. Hakuna aliyeandika jina bado. Nitapewa mtihani mara moja tena, Jumatatu. Sharti ni moja: kile kisu kibaki nyumbani.

Aliniambia haya amesimama mlangoni, bado ana sindano begani. Akasema hajawahi kumpigia mtu magoti kwa ajili ya jiko, na hatarudia. Akasema nikishindwa safari hii hatanilaumu, hatanuna, hatamwambia mama yake. Ataacha tu kutumaini, maana kunachosha.

Nikamwahidi. Machozi yalinilenga. Nimepata mke, jamani.

Kisu nikampa mama mkwe kwa mikono miwili. Akauliza kama kuna kingine cha vitunguu.

Jumapili, 16 Juni

Sikulala vizuri, lakini nimeamka na akili mpya kichwani. Kosa nimeliona! Ni jepesi hata mtoto angeliona. Mkuu na Dada Penseli wote wamelipita.

Kosa halikuwa kisu. Kosa lilikuwa kisu kimoja.

Mtu akibeba ndoo moja ya maji, anapinda upande. Akibeba mbili, moja kulia, moja kushoto, ananyooka. Nimebeba chuma upande wa kulia peke yake, sindano imevutwa kulia, mkuza umekwenda kulia. Hesabu ya darasa la tatu. Ningekuwa na kingine kushoto, kulia ingevuta, kushoto ingevuta, sindano ingebaki katikati, tena imekazwa kuliko dira ya mtu mwingine yeyote. Dada Penseli sindano yake haishikwi na chochote. Inajining'inia tu!

Nimerudi kwa muuza duka. Alikuwa na pacha wake, inchi kumi, chuma kile kile. Nimebadilishana naye kwa buti zangu. Alisita, akaniuliza mara mbili kama nina uhakika. Nikamwambia mimi ni mtu wa vitendo. Kesho nitakwenda na kandambili. Miiba iko chini, lakini macho yangu yatakuwa mbele.

Cha kwanza nimekichukua jikoni mama mkwe alipokuwa ametoka. Ahadi niliyotoa ilikuwa kuhusu kisu kile kikiwa peke yake. Hiki sasa ni nusu ya kitu kingine. Mke wangu akijua nitamweleza, ila nitamweleza Jumatatu jioni, tukiwa tunapakia. Hivi sasa anashona huku anaimba. Ana miezi hajaimba. Ameniambia kesho ataamka mapema anipigie pasi suruali.

Cha pili nimekipitisha sumaku mara mia tatu, kifikie cha kwanza. Haki sawa.

Saa kumi hivi nimejifungia chumbani kujaribu. Kisu kulia, kisu kushoto, koti juu, dira kifuani. Sindano ikatetemeka. Ikazunguka mara moja, mara mbili. Ikapunguza mwendo. Nikabana pumzi. Ikasimama tuli, haitikisiki hata nikiruka!

Nimegeuka mlangoni, nimegeuka dirishani, nimezunguka chumba kizima. Haibadiliki. Popote ninapogeukia, inanionyesha mimi.

Hata dira imeshajua kiongozi ni nani.